Saa Ishirini na Tatu Kitini

Nilikuwa nimefundisha jiografia miaka kumi na tisa bila kupanda ndege hata mara moja. Ndege nilizozijua ni zile zinazopita juu sana ya Musoma na kuacha mstari mweupe, wanafunzi wakichungulia dirishani badala ya kunisikiliza. Lakini hesabu za safari za mbali nilizijua. Digrii kumi na tano za longitudo ni saa moja. Ukienda magharibi unapunguza, ukienda mashariki unaongeza. Nimeyaandika hayo ubaoni mara nyingi mpaka nikifumba macho naiona chaki.

Mdogo wangu wa kike anaishi Toronto. Alikwenda huko kusoma, akaolewa, akabaki. Mimba mbili zilimharibikia, ya tatu ikashika akiwa na miaka thelathini na tisa. Mumewe anafanya kazi usiku kwenye ghala. Mwezi wa saba wa mimba hiyo alinipigia simu, sauti imemkauka, akasema, "Kaka, naomba mama aje. Sitaweza peke yangu."

Mama ni mjane. Anakaa Nyamuswa, kwenye mji aliouacha baba, na ana shamba la pamba na ng'ombe kumi na moja. Kabla ya mwaka ule hakuwahi kuvuka Mwanza. Kiswahili anakijua, lakini lugha anayoota nayo ndoto ni ya nyumbani, na Kiingereza anachokijua ni neno moja, "tichá", ambalo ni mimi.

Nilikwenda Nyamuswa Jumamosi moja nimebeba tufe la shule kwenye mfuko wa saruji, lile la plastiki lililopasuka upande wa bahari. Baba mdogo alikuwepo, maana jambo kama hilo haliamuliwi bila yeye. Nikaliweka tufe juu ya kigoda, nikachukua uzi wa kushonea, nikashika ncha moja hapa kwetu, kando ya ziwa, na nyingine nikaivuta mpaka Toronto. Nikapima uzi kwa rula, nikazidisha.

"Kilomita kama elfu kumi na mbili," nilisema.

"Hizo ni ngapi?" mama aliuliza.

"Ndege ni saa kumi na tatu na kitu."

Baba mdogo alinitazama kwa jicho lake moja linaloona vizuri. "Saa kumi na tatu tu? Mbona basi la Dar linazidi hapo?"

Mama akacheka. Alicheka vizuri siku ile, akapiga paja, akasema kama mtoto wake yuko karibu kuliko Dar, basi tumekuwa tukimlilia bure miaka yote hii. Akakubali. Akakubali kwa sababu ya uzi wangu, na uzi hautui mahali popote kubadilisha ndege.

Zilifuata wiki za makaratasi. Pasi, barua ya mwaliko, vyeti vya kuzaliwa vya watu waliozaliwa hata cheti hakijulikani. Kwa ajili ya kuchukuliwa alama za vidole ilibidi nimpeleke Dar kwa basi na kumrudisha, nikaomba ruhusa shuleni mara ya pili baada ya ile ya pasi, na mkuu wa shule akanipa huku akitazama ratiba yake badala ya kunitazama mimi. Tulirudi miguu imevimba wote wawili. Mimi nilikwenda kufundisha kesho yake. Mama alikwenda kupalilia.

Mdogo wangu alipotuma tiketi kwenye simu, nilikaa nayo mezani na kalamu. Jumapili mchana tutoke Nyamuswa, tulale Mwanza ili tusichelewe. Jumatatu saa nne asubuhi, Mwanza kwenda Dar. Saa kumi na moja jioni, Dar kwenda mji mmoja wa kaskazini ambako ndege zinabadilishwa. Kufika huko saa mbili usiku, kungoja, kuondoka saa tano. Kisha angani usiku kucha na nusu ya siku, pamoja na kutua kuweka mafuta, mpaka Toronto Jumanne saa mbili asubuhi ya kwao, ambayo kwetu ni saa kumi jioni. Kitabu changu kinasema tofauti yetu na wao ni saa saba na nusu. Kwa kweli ni nane wakati wa baridi na saba wakati wa joto, kwa sababu wao husogeza saa zao. Hilo mdogo wangu ndiye aliyenifundisha.

Nilimweleza mama yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na zile saa kumi na tatu zimekwenda wapi?"

Nikaichukua kalamu nikahesabu upya.

Tulichoogopa ni pale pa kubadilisha ndege. Mama hasomi. Mdogo wangu akasema dawa yake ni kumwandikisha kama mtu asiyeweza kutembea, ili apewe kiti cha magurudumu na mtu wa kumsukuma kutoka mlango hadi mlango. Mama alipoambiwa alikasirika. "Miguu yangu mizima. Niisingizie ugonjwa mimi?" Nilimbembeleza siku mbili. Nikamwambia hicho si kiti cha mgonjwa, ni kiti cha mgeni. Mwisho akasema, "Haya baba, fanya unavyojua." Ananiita baba kwa sababu nina jina la baba yake.

Hapo nikafanya ninavyojua. Nilikata karatasi mbili ngumu shuleni, nikaandika jina lake kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia, herufi kubwa. Moja nikaipiga picha nikamtumia mdogo wangu, nikiamini atawaonyesha watu wa ndege. Nyingine nikampa mama. Nikamfundisha kuitazama: herufi ya kwanza ina miguu miwili, ya mwisho ina tumbo. Nikamwambia maneno haya, nayakumbuka yalivyo kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi sana tangu siku ile:

"Wakikushusha na kukuweka mahali, kaa hapo hapo. Atakuja mtu ana karatasi inayofanana na hii. Asiye na karatasi usiinuke naye, hata akikushika mkono. Dunia ina wezi."

"Asiye na karatasi nisiinuke," alirudia.

"Hata akikushika mkono."

"Hata akinishika mkono."

Nilimsindikiza mpaka Mwanza. Alivaa gauni la kanisani na koti la mke wangu, mfukoni kitambaa nilichomwandikia namba yangu ya simu, na kwenye mkoba alibeba unga wa ulezi wa uji wa mzazi, dagaa waliokaushwa vizuri, na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kuanika, awe anatafuna njiani. Kwenye kiti cha magurudumu alikaa wima kama yuko kwenye benchi la mbele kanisani. Hakugeuka nyuma. Binamu yangu wa Dar alimpokea, akampitisha upande wa ndege za nje, na saa kumi na moja na robo akanitumia ujumbe: amepanda. Nililala usingizi mzuri Jumatatu ile.

Jumanne saa kumi jioni nilikuwa chumba cha walimu nasahihisha majaribio ya kidato cha pili. Nikatazama saa ya ukutani nikawaambia wenzangu, "Mama anatua Toronto sasa hivi." Wakanipongeza. Mwalimu wa hisabati alinishika bega, akasema sisi wa Mara tumezidi, hata bibi zetu wanakwenda Ulaya. Sikumsahihisha kwamba Toronto siyo Ulaya. Nilikuwa na furaha.

Nilikuwa Nyasho, ndiyo kwanza nashuka kwenye bodaboda karibu na nyumbani, simu ilipoita. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro.

"Kaka, watu wote wametoka. Mama hayupo."

"Atakuwa nyuma. Wenye viti hushushwa mwisho."

"Nimeuliza. Wamenitazamia kwenye kompyuta. Wanasema hakupanda."

"Hakupanda wapi? Amepanda Dar, nina ujumbe hapa."

"Dar alipanda. Kule pa kubadilisha hakupanda. Ndege imeondoka bila yeye." Kisha akasema polepole, "Tangu jana usiku, kaka. Mama yuko wapi tangu jana usiku?"

Nilisimama barabarani na begi la madaftari begani. Mwenye bodaboda alikuwa bado ananisubiri, nikampa noti nikaingia ndani bila kungoja chenji. Mke wangu alinitazama usoni tu, akazima jiko.

Mpangilio wa yaliyofuata jioni ile nimeusahau, lakini vipande ninavyo. Nilimpigia binamu wa Dar, akaapa kwamba alimwona akisukumwa mpaka mwisho. Nilipiga namba ya mama, ile simu yake ndogo ya vibonyezo, nikijua kabisa kwamba laini yake huko haisomi. Nilipiga mara nyingi. Kila mara mwanamke yule wa kwenye mtambo aliniambia namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Mdogo wangu alikuwa anatembea na tumbo lake la miezi minane kutoka dirisha hadi dirisha la kiwanja cha Toronto, na kila akipewa jibu ananipigia.

"Wanasema watu wa viti walimwendea mara mbili. Aligoma kuinuka."

Hapo nikajua. Nilijua kabla hajamaliza sentensi.

"Aligoma?"

"Eti alishika mkono wa kiti kwa nguvu, wakamwacha, wakadhani anamngoja mtu. Baadaye zamu ikabadilika. Sasa hivi hawana habari yuko wapi. Kaka, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia akae."

"Ulimwambia nini, nakuuliza?"

Nikamwambia habari ya karatasi. Nikasikia kelele za kiwanja nyuma yake, mtu anatangaza majina.

"Ile picha uliyonitumia?" alisema. "Kaka, siku hizi hawashiki karatasi. Wana simu mkononi, jina liko kwenye kioo. Mimi nilidhani umeiandika kwa ajili yake yeye tu, ajue jina lake."

"Ungesema."

"Ungeuliza. Wewe hujui kusafiri, kaka. Kwa nini unamfundisha mtu kitu usichokijua?"

Mke wangu aliisikia, maana simu ilikuwa kwenye sauti kubwa. Akatoka nje. Na mimi ningetoka kama ningeweza kujiacha humo ndani.

Katikati ya hayo baba mdogo akapiga kutoka Nyamuswa. Naye pia alikuwa amehesabu saa. "Amefika?"

"Bado yuko angani, baba," nilidanganya.

"Huko angani kunaishaga lini?"

"Leo leo."

"Haya. Ng'ombe wameingia. Yule mwenye pembe moja kachechemea." Akakata.

Ilikuwa saa moja na nusu jioni, giza limeingia, niliposikia simu ya WhatsApp kutoka namba ya nje nisiyoijua. Nikapokea.

"Halo. Naongea na tichá?" Ilikuwa sauti ya msichana, Kiswahili chake cha kwetu kabisa.

"Ndiyo, ni nani?"

"Kaka, usiogope. Niko hapa kiwanjani, nabadilisha ndege, natoka Uarabuni kazini. Mimi ni Mkuria wa huko Tarime. Niko na mama mmoja hapa. Ana namba yako kwenye kitambaa."

Nilikaa chini sakafuni. Simaanishi kwamba nilianguka. Nilikaa tu, kama mtu aliyefika mwisho wa kazi.

Alinieleza kwa haraka, betri yake ilikuwa inaisha. Alikuwa anapita kutafuta mahali pa kuchaji simu, akasikia mama mzee anasema peke yake chini chini. Maneno yakamgusa sikio. Hayakuwa Kikuria chenyewe, lakini yalikuwa ya jirani, yale mtu unayasikia sokoni ukiwa mdogo. Akasimama. Akamsalimu kwa Kikuria. Mama akamjibu kwa lugha yetu. Kisha mama akamshika gauni na hakuliachia.

"Anasali tu, kaka. Anasema anamngoja mtu wa karatasi. Nimemwambia twende kwa wahusika, hataki. Ongea naye."

Nikasikia simu inahamishwa, kisha pumzi ya mama. Aliishika mbali na mdomo kama kawaida yake.

"Baba, ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Nimekaa hapa hapa. Sijainuka."

"Najua."

"Walikuja watu. Mmoja wa kike, mmoja wa kiume. Walinishika mkono. Sikukubali."

"Najua, mama."

"Mwenye karatasi hajaja bado. Nimetazama kila anayepita na karatasi. Hakuna yenye tumbo mwishoni."

Mke wangu alikuwa amerudi, amesimama mlangoni.

"Mama, yule binti ndiye niliyemtuma," nilisema. "Inuka naye."

"Hana karatasi."

"Ile habari ya karatasi nimeiondoa. Nilikosea. Inuka sasa, unaweza kuinuka."

Akasema, siyo kwa hasira, kwa uchovu tu, "Ngoja. Miguu imekufa ganzi. Ngoja niitafute."

Nilisikia yule msichana akimwambia, "Nishike shingo, mama. Hivyo. Pole pole." Simu ikazimika.

Baada ya nusu saa msichana akapiga tena, amepata umeme. Alikuwa amempeleka kwenye meza ya watu wa ndege na kumsemea. Ndege ya usiku huo ilikuwa na nafasi. Wamempa chakula, wamemletea kiti cha magurudumu. Alisema atakaa naye mpaka aingie mlangoni, kwa sababu ndege yake ya Nairobi inaondoka baadaye. Nikamwambia sijui nimshukuruje.

"Na mimi nina mama, kaka. Mwaka wa tatu sijamwona. Natoka huko nimechoka, siwezi kusema. Mama yako kaniuliza kama nimekula."

Nilimwomba jina na namba ya nyumbani, akasema atanitumia akifika. Hakutuma. Ile namba ya Uarabuni nilipoipiga wiki iliyofuata ilikuwa imefungwa. Nimeuliza watu wawili watatu wa Tarime ninaofahamiana nao kama wanajua binti aliyerudi kutoka Uarabuni mwezi wa pili, wakanicheka. Wako wengi.

Mama alifika Toronto Jumatano, kwetu saa kumi na moja jioni. Mdogo wangu alinitumia picha moja bila neno: mama amekaa kitandani, amefunikwa mablanketi mawili, miguu iko kwenye beseni la maji. Siku ya tisa mtoto alizaliwa kwa upasuaji, wa kike, mzima. Mama alikuwepo.

Kwa wiki tatu mdogo wangu hakuniita kaka. Alinitumia habari za mtoto na kunijibu nikiuliza, basi. Halafu siku moja alipiga asubuhi yetu, kwake ni usiku anamnyonyesha, akasema, "Kaka, nilikusema vibaya siku ile."

"Ulisema kweli."

"Ndiyo, lakini nilikusema vibaya."

Mimi nilikuwa nimevaa shati la shule tayari. Katika miaka yote aliyokaa kule, hatujawahi kuongea tukiwa wote hatujachoka. Akiwa ameamka vizuri, mimi nimemaliza vipindi saba. Nikiwa nimeamka vizuri, yeye ndiyo anatafuta kulala. Kila mmoja anampata mwenzake kwenye makombo ya siku.

Miezi minne ile nilikuwa nafanya kazi mbili. Jumatatu mpaka Ijumaa Musoma, Ijumaa jioni safari ya Nyamuswa. Siku nyingine kwa basi mpaka Bunda na kuunganisha, siku nyingine kupitia Butiama kwa bodaboda nikiwa na haraka, nafika vumbi limenijaa mpaka kwenye meno. Jumamosi nzima ni kupalilia na kupulizia pamba dawa, pampu mgongoni. Baba mdogo alichunga ng'ombe kwa jicho moja na kunilaumu kwa yote mawili. Jumapili jioni narudi. Yule ng'ombe mwenye pembe moja mguu ulioza, tukamchinja kabla hajafa, na nikamficha mama mpaka aliporudi. Wanafunzi walianza kunizoea nikiwa nimekaa. Zamani nilikuwaga nafundisha nimesimama.

Na kila nilipokuwa shambani peke yangu, kichwa kilirudi kwenye maneno yangu mwenyewe: hata akikushika mkono. Nilikuwa nimempa mama yangu amri, na yeye alikuwa ameitii kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha.

Alirudi mwezi wa sita. Safari ile mdogo wangu alitafuta mama mmoja wa Kitanzania wa kufuatana naye mpaka Dar, hakukuwa na shida. Nilimpokea Mwanza. Alikuwa amenenepa kidogo usoni, amevaa viatu vya raba vyeupe, na alitoka akitembea mwenyewe huku kijana wa kiti cha magurudumu akimfuata nyuma na kiti kitupu.

Kwenye basi alikaa dirishani. Tulipokuwa tunakaribia Lamadi, ziwa linaonekana kushoto, akaanza mwenyewe, bila mimi kuuliza, akitazama nje.

"Siku ile sikunywa maji."

"Kwa nini, mama?"

"Nisije nikataka kuinuka. Nilikuwa nanyonya matobolwa tu, hivi, mate yasikauke. Lakini mwishoni ilibidi. Nikaenda mbio na mizigo yangu yote. Niliporudi nikakuta mtu kakikalia kile kiti, mzungu, kalala. Nikasimama karibu naye mpaka alipoamka."

"Viti vingine vilikuwepo?"

"Vilikuwa vingi." Akafikiri. "Lakini uliniambia pale pale."

Nikamwambia, "Nisamehe, mama." Nilisema taratibu kwa sababu ya watu waliokuwa kiti cha nyuma. Alifungua mkoba wake akatoa peremende za kule, akanipa moja, akachana karatasi ya yake kwa meno.

"Nikwambie nilichofikiri?" alisema. "Asubuhi ilipofika, nikaona watu wale wale wanafagia pale pale, wengine wanapita, wanapita, hakuna anayenijua, nikasema labda ndege ilianguka. Labda nimeshakufa na kufa ndiko huku. Nikasema basi, kumbe hakuumi. Kilichonisumbua ni kwamba baba yenu sikumwona. Nikamtafuta kwenye wale waliokuwa wanapita. Nikasema, mbona alitangulia, yuko wapi?"

Basi liliingia Lamadi, wauza samaki wa kukaanga wakazunguka madirisha. Mama akanunua sato wawili na kuanza kugombana na muuzaji kuhusu ukubwa wao. Sikuweza kula.

"Ulikuwa hujui," alisema baadaye, akichambua miiba. "Wewe nawe hujafikaga huko. Kula."

Bunda tukachukua gari dogo, tukafika Nyamuswa jua bado liko juu. Aliwasalimu waliokuwepo, akaingia chumbani, akalala siku mbili. Simaanishi kupumzika. Alilala. Baba mdogo alikuja asubuhi na jioni kuuliza kama ameamka, na kila nilipomjibu bado, alisema, "Huyo bado anakuja," akaondoka na fimbo yake.

Siku ya tatu nilikuwa natakiwa shuleni, na sikwenda. Aliamka saa tatu, akaoga, akaomba ugali wa mtama. Nikamwambia habari ya ng'ombe mwenye pembe moja. Akasikitika, akauliza ngozi tuliipeleka wapi. Tulikuwa katika hayo mdogo wangu akapiga, kwake bado hakujapambazuka. Alimsalimia mama, akamwekea mtoto sikioni, mtoto akapumua pumua tu. Halafu akasema jambo ambalo alikuwa amelifikiria kwa siku nyingi, nilisikia sauti ilivyojiandaa. Likizo yake ya uzazi ikiisha, hana mtu wa kumwachia mtoto. Anajua ni vibaya kuomba. Anaomba hivyo hivyo.

Nilimtazama mama nikamtikisia kichwa: usijibu sasa. Aliniona.

"Nitakuja," alisema kwenye simu. "Lakini kaka yako anilete mpaka mlangoni kwako."

"Kaka hana pasi, mama."

"Ataitafuta." Akanipa simu, akarudi kwenye ugali wake.

"Kaka?" mdogo wangu aliita. "Upo?"

"Nipo."

"Utaweza?"

Nilifikiria shule, na pamba iliyokuwa imepasuka yote inasubiri kuchumwa, na mkuu wa shule na ratiba yake. Nikasema nitaweza. Kisha nikaenda kuwafungulia ng'ombe, maana baba mdogo alikuwa hajafika na jua lilikuwa limeshakuwa kali.